Krismasi Unguja: igizo la uwanjani, igizo la watoto kanisani, au pango la sanamu?

Ukikaa Unguja ukawa na watoto, au ukawa na mgeni kutoka bara aliyekuja kula sikukuu kwako, swali la tarehe 24 Disemba ni moja: tuwapeleke wapi wakaione Bethlehemu? Makanisa ya hapa hayajai kila mtaa kama ya Dar es Salaam au Moshi, na habari zake nyingi hupita mdomo kwa mdomo watu wakiwa wanatoka ibadani. Matokeo yake watu huamua kwa fununu. Wanasikia kwamba "mwaka huu wameleta punda", wanakwenda, na nusu saa baadaye mtoto amelala begani na bibi anaulizia kiti.

Njia ziko tatu hasa. Ya kwanza ni igizo hai la uwanjani: watu wamevaa majoho, kuna mbuzi, ng'ombe au punda wa kweli, na wewe ama unasimama mbele ya kibanda kimoja ama unatembezwa kituo kwa kituo. Ya pili ni igizo la watoto ndani ya kanisa, wale wa skuli ya Jumapili au wa Utoto Mtakatifu, ambalo hufanyika kabla ya ibada ya mkesha au katikati yake. Ya tatu ni kwenda kutazama pango, yale mandhari ya sanamu yanayojengwa pembeni ya altare kwa magunia, majani na taa ndogondogo. Hilo halina mwanzo wala mwisho. Unakwenda mchana wa sikukuu au siku yoyote ya wiki inayofuata.

Nimezipima zote tatu kwa mambo matano: saa na namna ya kurudi nyumbani, mwili unavyostahimili, hadithi inavyomfikia anayetazama, jirani asiye Mkristo, na mfuko. Kabla ya yote, piga simu ofisi ya parokia au mtaa unaoutaka. Igizo la uwanjani hasa hutegemea vijana waliopo mwaka huo na nani ana punda wa kuazimisha, kwa hiyo kanisa lililolifanya mwaka jana huenda mwaka huu halina.

Saa, na namna ya kurudi

Igizo la uwanjani linataka giza. Taa za kibanda, moto wa wachungaji, nyota iliyofungwa kwenye mnazi: ukiviona saa 11 jioni vinafanana na mapambo ya harusi ya jana. Mwezi wa Disemba jua la Unguja huzama kwenye saa 12 na nusu, hapo inaadhiniwa Magharibi, na baada ya muda si mrefu Isha. Kanisa lenye adabu halishindani na adhana kwa spika, na ni nadra hapa kupata kanisa lisilo na msikiti wa karibu. Kwa hiyo igizo husogezwa mpaka baada ya Isha, na likiwa la vituo linaweza kukutoa uwanjani saa 3 usiku au zaidi.

Hapo ndipo penye kazi kwa anayetegemea daladala. Gari za 502 za Bububu na 505 za Uwanja wa Ndege hupungua kadiri usiku unavyoingia, na za shamba hukatika mapema zaidi. Kubaliana na mtu wa bajaji au bodaboda kabla hujatoka nyumbani. Ukingoja mpaka getini, kundi zima likitoka pamoja, bei utapangiwa.

Igizo la ndani limefungwa kwenye saa ya ibada. Utajua linaanza lini; usichojua ni utatoka saa ngapi, maana watoto wakishainama na kupigiwa makofi kuna masomo, mahubiri, komunyo, kwaya ya kwanza, kwaya ya pili, na matangazo. Aliyefuata igizo tu, akainuka wakati wa mahubiri na watoto watatu, atapita mbele ya macho ya kanisa zima. Basi ukichagua hili, chagua na ibada yake.

Pango halimkimbizi mtu. Ukiwa mjini, kutoka Darajani hadi Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, na ukiendelea ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe unafika Minara Miwili, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki. Unaweza kuyapitia yote mawili asubuhi moja na saa 6 mchana ukawa umesharudi jikoni. Kwa wageni wa Dar hili ni jambo zito: boti za mwendo kasi huchukua kama saa mbili na hukimbia mchana, kwa hiyo anayetaka igizo la usiku lazima awe na pa kulala Unguja, tena katika msimu ambao vyumba vimejaa watalii. Anayetaka pango anaweza kuja na kurudi siku ileile.

Kuna kundi ambalo watu wa mjini hulisahau. Wakristo wengi waliotoka bara wanafanya kazi kwenye mahoteli ya Nungwi, Paje na Kiwengwa, na kwao Krismasi ndiyo siku ya kazi kuliko zote. Usiku wa mkesha wako zamu. Pango kwa desturi ya Wakatoliki hukaa hadi Jumapili ya Ubatizo wa Bwana, ambayo huangukia karibu na sikukuu ya Mapinduzi ya 12 Januari, kwa hiyo hata mtu aliyepata mapumziko baada ya mwaka mpya bado atalikuta.

Kusimama, joto na mvua

Uwanjani utasimama. Mabenchi yakitolewa huwa ya wazee na hayatoshi. Chini ni mchanga au nyasi zenye umande, mahali pengine na choo cha mbuzi, kwa hiyo acha viatu vya sikukuu nyumbani. Kiti cha magurudumu kwenye mchanga ni mateso kwa anayekaa na kwa anayesukuma. Mbu wapo tangu jua linapozama. Na mvua za vuli, ambazo huanza Oktoba, zinaweza kuwa zimebakiza siku moja ya mwisho, na siku hiyo hupenda kuangukia kwenye shughuli ya mtu. Muulize mwandaaji mvua ikinyesha wanahamia wapi. Kama hana jibu, chukua mwavuli.

Ndani kuna paa na pa kukaa, mradi uwahi. Mkesha huwaleta hata wale ambao kanisa huliona mara moja kwa mwaka, na joto la Disemba pamoja na watu waliobanana na mishumaa huwafanya watoto wadogo wawe wakali. Kaa karibu na mlango wa ubavuni ikiwa una mtoto wa kunyonya. Pango ndilo jepesi kuliko yote kwa mwenye magoti mabovu: unaingia, unakaa unapotaka, unatoka.

Hadithi inavyofika

Hapa ndipo penye maneno mengi, kwa sababu kila njia inasimulia kitu tofauti.

Igizo hai lina asili inayojulikana. Mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi alitaka watu wauone kwa macho ufukara wa kuzaliwa kwa Yesu. Akaomba hori, majani makavu, ng'ombe na punda, na Misa ikaadhimishwa papo hapo juu ya hori. Tomaso wa Celano, aliyeandika maisha yake miaka michache baadaye, hamtaji mtu yeyote aliyejifanya Maria wala Yosefu. Wanyama na majani vilitosha. Nalitaja hili kwa sababu linaunga mkono jambo ambalo vijana wa kwaya hawapendi kulisikia: katika igizo la uwanjani, punda ndiye mwigizaji bora. Hasahau maneno yake, na hageuki kutazama kama mama yake anampiga picha.

Mtoto wa Unguja ameona gari la ng'ombe likipita na mzigo wa mchanga au kuni tangu hajaanza kutembea, kwa hiyo mnyama mwenyewe si kioja kwake. Kioja ni kumkuta mnyama wa mtaani ndani ya hadithi ya kanisani. Ghafla Bethlehemu inakuwa na harufu, na Yosefu anakuwa mtu anayehangaika na kamba. Katika parokia moja ya nje ya mji nilimwona mbuzi akila majani ya hori mpaka mtoto mchanga, ambaye alikuwa mwanasesere, akabaki juu ya mbao tupu. Watoto waliokuwa mbele hawakucheka hata kidogo. Walikasirika kwa niaba ya mtoto.

Maigizo ya vituo yana raha yake. Kwa kawaida unaanza penye kuhesabiwa watu kwa amri ya Kaisari Augusto, unapita nyumba ya wageni, kisha malisho ya wachungaji na ikulu ya Herode, unamalizia kwenye hori. Tangu sensa yetu ya 2022 kituo cha kwanza ndicho kinachochekesha zaidi. Nimemwona karani wa Kirumi akiwa na kishikwambi. Lakini kituo kinachouma kwa hapa kwetu ni cha pili. Kisiwa hiki kimejaa waumini ambao wamewahi kusimama mapokezi mwezi wa Disemba wakamwambia mtu aliyechoka, mwenye mabegi, kwamba tumejaa. Mwenye nyumba ya wageni akifunga mlango, wao hawahitaji mahubiri.

Udhaifu wa uwanjani ni sauti. Upepo wa kaskazi huwa umeshaanza kuvuma na hubeba maneno. Simama upande wa kusini magharibi wa kibanda, upepo unakoelekea, utasikia vizuri kuliko aliye upande wa pili, hata akiwa karibu zaidi. Na umeme ukikatika huku hakuna jenereta, kitakachobaki ni taa za simu za watazamaji, ambazo huua giza lote lililokuwa likifanya kazi.

Ndani ya kanisa sauti si tatizo. Kuna msomaji mwenye maikrofoni anayesoma Injili, na watoto wanafuata. Kwa anayetaka mwanawe aisikie hadithi kama ilivyoandikwa, hapa ndipo pa uhakika. Uwanjani mambo huchanganywa, na wengi hawajui kwamba yamechanganywa: wachungaji wako kwa Luka, mamajusi wako kwa Mathayo, idadi ya mamajusi haikutajwa, na ng'ombe na punda hawamo kwa yeyote kati yao. Hao walitoka kwenye Isaya 1:3, panaposema mnyama anamjua mwenyewe ilhali Israeli hajui. Msomaji mzuri atalitenganisha hilo kwa sentensi mbili. Kilichopungua ndani ni mshangao. Mbele kuna Maria wa miaka tisa aliyevaa kanga ya buluu, na kila mtu anajua ni mtoto wa nani. Ila kama mtoto wako ndiye kondoo wa nne kutoka kushoto, ulinganisho huu haukuhusu, nenda ukamtazame.

Pango halisemi neno. Linakutaka wewe useme. Familia ambayo baba au shangazi ni msimulizi italifaidi kuliko maigizo yote, kwa sababu mtoto anauliza, anajibiwa, anauliza tena, wala hakuna anayemwambia nyamaza. Familia ambayo kila mtu yuko kwenye simu yake itakaa mbele ya pango dakika mbili na kupiga picha moja. Makanisa mengi humweka mtoto horini usiku wa mkesha tu, na mamajusi hufika mbele ya pango sikukuu ya Epifania, mwanzoni mwa Januari. Kwa hiyo anayekwenda mara mbili huona hadithi ikisogea.

Halafu kuna majengo yenyewe, na hapo pango la mjini lina kitu ambacho hakuna uwanja utakaokuwa nacho. Kanisa la Mkunazini lilijengwa palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa siku ya Krismasi ya mwaka uleule. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877. Askofu Edward Steere, mtu ambaye pia aliandika na kutafsiri sana katika Kiswahili, alisimamia ujenzi huo na paa lake la zege lililochanganywa na matumbawe, ambalo wengi waliamini litaanguka. Altare iko mahali panaposimuliwa kuwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Kumsimulia mtoto habari za aliyezaliwa maskini ukiwa hapo ni tofauti na kumsimulia sebuleni. Ujiandae tu: uwanjani kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo, kazi ya msanii wa Uswidi Clara Sörnäs ya mwaka 1998, na mtoto wa miaka minane akizikuta baada ya pango atauliza. Uwe na jibu la ukweli linalolingana na umri wake.

Minara Miwili ni hali nyingine: rangi na mwanga. Wamisionari wa Kifaransa walilijenga miaka ya 1890, na vioo vyake vya rangi na vigae vililetwa kutoka Ufaransa. Na anayetaka kuwa nje ya vichochoro kabisa afikirie Mbweni, kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Yohana la mwaka 1882, katika kilichokuwa kijiji cha watumwa walioachwa huru. Mbweni usiende bila kuuliza kama mlango utakuwa wazi saa unayoitaka.

Jirani asiye Mkristo

Kwa anayekaa visiwani hili si jambo la pembeni. Aliyekuletea sahani ya biriani siku ya Idi, anayekuangalizia watoto ukichelewa kazini, mwenye nyumba unayopanga, wote huenda ni Waislamu. Watoto wenu wamekua barza moja. Mtoto wako atataka mwenzake aje.

Uwanja una faida kubwa hapa, kwa kuwa hauna kizingiti. Mtu anaweza kusimama kwenye ukuta, akatazama dakika kumi, akaondoka bila kuaga na bila kuulizwa. Igizo la ndani ni kinyume chake. Aliyeingia ameingia ibadani, anakaa katikati ya watu wanaosimama na kupiga magoti, na hata akikaribishwa kwa upendo mkubwa bado hajui aweke wapi mikono yake. Pango la mchana halina ibada inayoendelea, lakini ni sanamu, tena ndani ya nyumba ya ibada, na Waislamu wengi hawana raha nalo.

Hata hivyo usidhani uwanja unamfaa kila jirani. Nabii Isa na Bi Maryam wanaheshimiwa sana katika Uislamu, na wanazuoni wengi wanakataza kuwaigiza mitume. Kuna jirani atakayetazama kwa furaha na kuna atakayeona umemvunjia heshima Bi Maryam kwa kumvisha msichana wa kwaya joho na kumweka jukwaani. Mwambie mapema ni kitu gani: kutakuwa na watu wanaoigiza, kutakuwa na wanyama, hakuna anayelazimika kukaa. Kisha mwachie.

Jirani yangu mmoja alikuja, akasimama nami ukutani na buibui lake, akatazama kibanda chote kushoto hadi kulia, halafu akauliza, "Shoga, na mtende mmeuweka wapi?" Katika Surat Maryam, uchungu wa uzazi ulimpeleka Bi Maryam kwenye shina la mtende, na akaambiwa alitikise tende mbivu zimwangukie. Yeye aliijua tangu chuoni, akiwa mdogo. Nikamwambia kwetu hakuna mtende, kuna nyumba ya wageni iliyojaa. Tukasimuliana, yeye yake na mimi yangu, mpaka igizo likaisha hatujaliangalia.

Kama unahisi jirani yako hatakuwa na raha na lolote kati ya haya matatu, mkaribishe pilau mchana wa tarehe 25, nyama ikiwa imechinjwa na Mwislamu na yeye akilijua hilo. Urafiki wa mtaani hujengwa zaidi na sinia kuliko na tamthilia.

Mavazi nayasema kwa ufupi, kwani yanagusa njia zote. Funika mabega na magoti. Mgeni wako aliyetoka ufukweni moja kwa moja mpe kanga ajifunge kabla hamjafika getini, hata kama ni uwanjani tu, kwa sababu mtaa unaouzunguka uwanja huo unatazama.

Mfuko

Hakuna njia yenye gharama kubwa ya kuingia. Igizo la uwanjani huwa na kikapu cha sadaka, mara nyingine na mchango wa majani na usafiri wa wanyama, na nje kuna wauza mishikaki na juisi ya miwa ambao watakula zaidi ya kikapu. Igizo la ndani ni sadaka ya ibada. Kwa Mkunazini, siku za kawaida mgeni anayekwenda kutazama maonyesho ya historia ya utumwa hulipa kiingilio. Anayekwenda kusali halipi. Gharama halisi iko kwenye usafiri wa usiku, na hapo pango linawashinda wenzake.

Nani aende wapi

Wenye watoto chini ya miaka mitano nawaelekeza kwenye pango, asubuhi, tena siku ya 26 ambapo msongamano umepungua. Mtoto wa miaka mitatu uwanjani usiku ataogopa ng'ombe au ataona usingizi, na wewe utalipia bajaji kwa ajili ya kumbeba. Wa miaka sita hadi kumi na mbili ndio wenyewe wa igizo la uwanjani. Wakiwa na miguu ya kutembea vituo na maswali ya kuuliza, wapeleke, lakini waambie nyumbani sehemu ipi ni ya Luka na ipi ni ya Mathayo.

Kijana wa miaka kumi na tano anayejifanya hayo ni ya watoto, usimpeleke kutazama. Mpeleke kwa mwandaaji mwezi mmoja kabla, apewe kushika kamba ya punda au kuchunga nyaya za taa. Waandaaji daima wanakosa watu wa kazi hizo.

Mzee anayependa ibada na nyimbo, mpeleke ndani, mwahi kwa saa nzima, na mpate benchi karibu na mlango. Mzee ambaye magoti yamekataa, mpe pango na mtu wa kukaa naye. Mwenye kiti cha magurudumu aulize kwanza kuhusu ngazi, popote anapokwenda.

Mfanyakazi wa hoteli aliye zamu mkesha wote asijilaumu: pango litamngoja, na sikukuu ya Epifania ni siku nzuri kuliko anavyodhani. Mgeni wa Dar atakayelala Unguja anaweza kupata vyote viwili, uwanjani usiku na Mji Mkongwe asubuhi ya pili yake. Mgeni wa kwenda na kurudi, pango. Mchumba unayemtambulisha kwa wazazi mara ya kwanza, igizo la ndani. Mtakaa kimya kwa saa mbili na hakuna atakayewahoji.

Mwenye jirani Mwislamu ambaye watoto wao ni marafiki, uwanjani, baada ya kuzungumza na mzazi mwenzio. Usimchukue mtoto wa mtu bila ruhusa iliyo wazi, hata kama nyumba zenu zinagusana ukuta. Na picha za watoto wa wenzio, wawe waigizaji au watazamaji, usizirushe kwenye makundi ya simu bila kuuliza.

Kwa aliye Pemba hesabu inabadilika. Waumini ni wachache zaidi na wametawanyika kati ya Chake Chake, Wete na Mkoani, na kusanyiko dogo haliwezi kutoa Herode, mamajusi na wachungaji kisha likabaki na mtu wa kutazama. Igizo la ndani au pango ndiyo matarajio ya busara, na likitokea la uwanjani lichukue kama bahati. Piga simu kabla ya tarehe 20, uliza saa ya ibada ya mkesha, na uliza kama kuna gari la kuwarudisha watu vijijini baada yake.